Kiwiko Juu, Kichwa Chini

Jumamosi, 8 Juni 2024

Mpwa wangu ameanza leo. Ana miaka 12, mikono yake ni mirefu kuliko umri wake, na maji hayaogopi hata kidogo. Kuogelea alijifunza kwenye hori ya Tudor akifuatana na kaka zake, maji yakijaa. Bwawani tumepewa leni mbili, saa moja hadi saa tatu asubuhi, Jumanne za likizo na Jumamosi zote. Siku za shule tutaingia jioni.

Nimempima kabla sijamwambia neno, nijue tunaanzia wapi. Mita 50, yaani kwenda na kurudi: sekunde 47.6. Kwenda alipiga mikono 29, kurudi 33. Maji yaliruka mpaka benchi alilokalia mama yake.

Niliyoyaona: kichwa kiko juu, macho yanautafuta ukuta wa mbele. Kwa kuwa kichwa kimepanda, nyonga zimezama, na miguu inaburutwa. Mikono inaingia majini kwa kishindo ikiwa imenyooka, inavutwa hivyo hivyo, tena inakata kupita mbele ya pua hadi upande wa pili. Pumzi anaibana mpaka kifua kinamlazimisha, kisha anageukia kulia tu.

Haya sitayaita makosa. Kule horini kichwa juu ni akili. Kuna mashua, kuna mkondo wa maji kupwa unaokupeleka usikokutaka, kuna mwenzako wa kumwangalia. Mtoto aliyekulia bahari hujilinda kwa macho. Hapa bwawani hakuna cha kujihadhari nacho. Kuna mstari mweusi sakafuni, na ukuta hauendi popote. Nguvu anayo. Kazi yangu ni kumwondolea kinachomrudisha nyuma, kimoja baada ya kingine, bila kumvunja moyo.

Jumanne, 11 Juni

Leo hakuna mikono wala mateke. Tumefanya jambo moja: kujisukuma ukutani na kunyooka. Kiganja juu ya kiganja, mikono imebana masikio, tumbo limekazwa, vidole vya miguu vimenyooshwa. Kisha asifanye lolote, aende mpaka maji yenyewe yamsimamishe.

Mara ya kwanza alisimama mapema, kwa sababu alinyanyua kichwa kutazama amefika wapi. Nikamwambia ayatazame vigae vilivyo chini yake. Mwishoni alikuwa akizipita bendera za mita 5 akiwa bado anateleza, na akitoka majini anacheka.

Nimemweleza sababu, maana huyu haridhiki na kuamrishwa. Maji ni mazito kuliko hewa kiasi cha mara 800. Na ukinzani wake haukui sambamba na kasi: ukienda mara mbili ya kasi yako, maji hukukinza takriban mara nne. Kwa hiyo anayetaka kasi kwa kuongeza nguvu tu analipa bei inayopanda kila hatua. Anayejipunguzia upana ndani ya maji analipa kidogo. Nikamuuliza kwa nini ngalawa huchongwa ndefu na nyembamba. "Ili ikate maji, mjomba." Sikuwa na la kuongeza. Mwili wake nao ndio huo, na urefu wake ni kuanzia ncha za vidole vya mikono hadi vya miguu, si kuanzia kichwani.

Jumamosi, 15 Juni

Pumzi. Hapa ndipo watoto wengi hukwama, na wengi hufundishwa kinyume. Wanaambiwa wavute hewa kwa nguvu. Shida haiko kwenye kuvuta. Shida ni kwamba hawakutoa. Hewa chafu ikibaki kifuani, nafasi ndogo ya kugeuza mdomo inaliwa na kutoa na kuvuta kwa pamoja, na mtoto hunyanyua kichwa kutafuta muda.

Tukaanza kwa kusimama penye maji ya kifua, kuzama, kupuliza mapovu kwa pua na mdomo bila kukatiza, kupanda, kuvuta kidogo, kuzama tena. Baadaye tukaenda ubavu: mkono mmoja mbele, mwingine pajani, miguu inapiga, uso chini. Anapotaka hewa anazungusha kichwa pamoja na mwili, jicho moja na glasi moja ya miwani zikibaki majini. Kichwa kinachokwenda mbele huacha bonde dogo la maji kando ya shavu, na mdomo hupata hewa humo, chini kidogo ya usawa wa maji. Alipolipata hilo bonde alisimama katikati ya leni kuniambia, kana kwamba mimi sikulijua. Nikamwacha aniambie lote.

Kuanzia sasa anavuta kila baada ya mikono mitatu, kulia kisha kushoto. Anasema kushoto anameza maji. Atameza kwa wiki kadhaa. Nataka pande zote mbili zijue kazi, ili bega moja lisije likabeba mwili peke yake.

Jumanne, 18 Juni

Idd imepita, mahamri na biriani vimemtuliza mpaka amelemaa. Tumeteleza na kupiga mapovu tu. Maji baridi, kusi imevuma usiku kucha.

Jumamosi, 22 Juni

Siku niliyoingoja. Kushika maji.

Mtu asiyejua akitazama kroli, mtindo huu wa kupokezana mikono, huona mkono unaopita hewani, akadhani uzuri wote uko pale. Kinachokupeleka mbele hakionekani kutoka ukingoni, ila ukivaa miwani ukazama. Nami nimezama leo, nikalala chini ya leni yake nikamtazama anavyopita juu yangu.

Mkono wake ulikuwa ukiingia na kusukuma maji kwenda chini. Kusukuma chini kunanyanyua kifua, kifua kikipanda miguu inashuka, na mbele haendi. Kinachotakiwa ni hiki: mkono uingie mbele ya bega lake mwenyewe, vidole vitangulie, unyooke kwa utulivu. Kisha ncha za vidole zishuke na kiwiko kibaki pale pale juu, karibu na uso wa maji. Hapo kiganja na kigasha vinakuwa kitu kimoja kinachotazama nyuma, na maji yote yaliyo mbele yake yanasukumwa nyuma kuelekea miguuni. Mwili hupita juu ya mkono. Kiwiko kikianguka kwanza, maji yanamwagika kando na mkono unapita patupu.

Maneno hayamfundishi mtoto jambo hili. Nimemlaza ukingoni, kifua kwenye simiti, mkono ukining'inia majini, nikamshika kiwiko kisishuke huku anasukuma. Baadaye tukapapasa maji: mwili umelala, mikono iko mbele, viganja vinakwenda nje na ndani taratibu, kiasi tu cha kuhisi uzito wa maji kwenye ngozi. Halafu ngumi. Mita 25 akiwa amefumba viganja vyote viwili. Alitaabika sana, ngumi haishiki kitu, ikabidi kigasha kifanye kazi ambayo hakijawahi kufanya. Akaenda hivyo mara kadhaa, kisha nikamwambia afumbue viganja aogelee kawaida.

Alipofika ukutani alitoa kichwa: "Mjomba, maji yamekuwa mazito!"

Nimekuwa na furaha tangu asubuhi kwa sababu ya hayo maneno manne. Mtoto aliyeyahisi maji kuwa mazito kiganjani amepata kitu cha kushika, na kwa miaka yote atakayoogelea atakuwa anakitafuta.

Mwalimu mwenzangu alipita akashauri nimvalishe vibao vya viganjani ili apate nguvu haraka. Nimekataa, na nitaendelea kukataa. Kibao huongeza mzigo begani, na mifupa ya mtoto wa miaka 12 bado inakua. Tena kibao hukuza kile ambacho mkono tayari unafanya. Kiwiko kikiwa kinaanguka, kitaanguka kwa nguvu zaidi. Nguvu itakuja na ndevu.

Jumamosi, 29 Juni

Miguu. Nimempa ubao akapiga mateke mita 25, akatoka na povu jingi na safari fupi. Huyu ni mchezaji wa mpira, vifundo vyake vimekaza kwa kupiga shuti, na mguu uliokunjwa kwenye kifundo unasukuma maji chini badala ya nyuma. Anapiga baiskeli pia, magoti yanakuja tumboni.

Teke la kroli linaanzia nyonga. Goti hulegea kidogo na kufuata, kifundo huachwa huru kabisa, vidole gumba vya miguu vikikaribia kugusana. Dogo na la haraka. Mguu usitoke sana nje ya kivuli cha mwili. Nimempa zoezi la nyumbani, akae juu ya visigino vyake, nyayo zimelala chini, dakika chache kila jioni, bila kujiumiza magoti. Dada ameahidi kumsimamia.

Pia kuzunguka. Mwili wa kroli haulali bapa. Unalala ubavu huu kisha ubavu ule, nyonga na bega pamoja. Mkono unaofika mbele unarefuka kwa sababu ubavu wake umeshuka. Hili amelipata upesi, labda kwa sababu ya yale mazoezi ya ubavu ya pumzi.

Jumamosi, 13 Julai

Nimempima. Sekunde 48.3. Mikono 23 kwenda, 25 kurudi.

Aliangalia saa mkononi mwangu, akakaa ukingoni amejifunika taulo kichwani, hakutaka kunisemesha. Dada naye akanivuta kando: "Kaka, mwanangu alikuwa na kasi zaidi alipokuja. Unamfundisha au unamchelewesha?"

Nimemjibu kwa hesabu, kwa sababu ndiyo niliyonayo. Kasi ya muogeleaji ni urefu wa kila mkono mara wingi wa mikono kwa dakika. Mwanao alikuja na mikono mingi mifupi. Sasa ana michache mirefu, kila mmoja unampeleka mbali zaidi, ila bado anaufikiria kila mmoja, kwa hiyo inakwenda polepole. Mwezi mmoja uliopita alitumia mikono 62 kufika. Leo ametumia 48 na amechelewa chini ya sekunde moja. Dada alinyamaza akazirudia namba midomoni, kisha akaenda kumvua mtoto taulo.

Sharti hili la kuchelewa kwanza ndilo linalowakimbiza wazazi na makocha wengi. Wanaona saa imepanda, wanarudi kwenye kelele za "piga! piga!", na mtoto anarudi kwenye mikono 33. Alexander Popov, aliyeshinda mita 50 na 100 katika Olimpiki za 1992 na tena 1996, alilelewa na kocha Gennadi Touretski aliyemtaka aogelee polepole kwa ukamilifu, kisha aupandishe ukamilifu ule ule kwenye kasi bila kuuvunja. Nilimtazama kwenye televisheni nikiwa kijana. Alikuwa kama hana haraka, na wengine wakimtimulia maji nyuma yake.

Jioni nilimpelekea mpwa wangu viazi karai. Tumeongea habari za mpira.

Jumamosi, 27 Julai

Sasa ni wakati wa kuongeza mwendo wa mikono. Si kwa mita 400 za kuchosha. Mtoto aliyechoka hujifunza kuogelea kichovu. Nimempa mita 15 kwa kasi yote, kisha apumzike mpaka pumzi irudi kabisa, aende tena. Mara nane, si zaidi. Mimi natembea ukingoni nikipiga makofi, yeye anaingiza mkono kwa kila kofi, na mzunguko unaofuata naongeza kidogo. Kiwiko kikianza kuanguka tunarudi nyuma kwenye kofi la awali. Mpaka wake ndipo ulipo, na kila wiki unasogea.

Kwa mita 25 tunajumlisha sekunde na mikono. Leo 20 na 22: arubaini na mbili. Akipunguza sekunde kwa kuongeza mikono mingi, jumla haishuki. Akipunguza mikono kwa kuteleza mno, nayo haishuki. Anaipenda hesabu hii, ameanza kuiandika mwenyewe nyuma ya daftari la sayansi.

Alhamisi, 1 Agosti

Jana usiku tulikuwa kwa dada kutazama fainali ya Olimpiki ya mita 100 za wanaume kutoka Paris. Pan Zhanle wa China, ambaye Jumapili anatimiza miaka 20, amekwenda kwa sekunde 46.40 na kuivunja rekodi yake mwenyewe ya dunia, 46.80. Kyle Chalmers wa Australia alimfuata kwa 47.48. Zaidi ya sekunde nzima, katika mbio ambazo kwa kawaida huamuliwa na kucha! Na bwawa lenyewe watu wamekuwa wakilisema kuwa ni la polepole, kwa kina chake cha mita 2.15, maji yanayosukumwa chini hugonga sakafu na kurudi kuwasumbua waogeleaji.

Mpwa wangu hakupiga kelele. Alisogea karibu na televisheni, na picha za chini ya maji zilipokuja alisema peke yake, "Kiwiko." Kisha: "Na miguu haikusimama mpaka ukutani."

Nikamsimulia Johnny Weissmuller, mtu wa kwanza kuziogelea mita 100 chini ya dakika moja, 58.6, mwaka 1922. Nikamtafutia picha kwenye simu. Kichwa juu, kifua juu.

"Basi na kichwa juu kinashinda, mjomba."

"Kilishinda mwaka 1922."

Akahesabu tofauti: sekunde 12.2. Nilimwambia kichwa peke yake hakileti zote hizo. Kuna kugeuka kwa kupinduka, kuna kamba za leni zinazovunja mawimbi, kuna miwani, kuna mazoezi ya mwaka mzima. Lakini aliyenyooka kwenye maji yuko upande wa Pan.

Jumamosi, 3 Agosti

Asubuhi ya Paris, mchujo wa mita 50 za wanawake: Maria Brunlehner wa Kenya, na Sophia Latiff wa Tanzania. Wote wawili hawakuvuka kwenda nusu fainali. Mpwa wangu hakujali. Alichouliza ni kama inabidi mtu atoke Nairobi. Nikamwambia Kasarani kuna bwawa la mita 50, la tangu Michezo ya Afrika ya 1987, na mashindano ya taifa hufanyika huko, na treni ya kwenda huko inaondoka Miritini kila siku. Dada alinitazama kwa jicho. Sijaahidi kitu.

Jumamosi, 17 Agosti

Kugeuka. Mkono wa mwisho, kidevu kifuani, pinduka, nyayo ukutani, sukuma ukiwa chali, geukia ubavu njiani. Pua imejaa maji asubuhi nzima. Dawa ni kupuliza puani wakati wote wa kupinduka. Sheria zinaruhusu kubaki chini ya maji mpaka mita 15 baada ya ukuta. Kwake mita 6 zinatosha, mradi zitoke kwenye ule mwili mnyoofu wa siku ya pili.

Jumamosi, 31 Agosti

Mashindano madogo ya shule za jirani. Mita 50, leni sita. Amekuwa wa pili kwa mkono mmoja: 42.4.

Sekunde 5.2 chini ya ile ya Juni, na nimezisema hizo kwanza, kwake na kwa mama yake, kabla ya jambo jingine lolote. Kwenda alikuwa mzuri mno. Mikono 22, kimya, kiwiko juu, alifika ukutani wa kwanza na akapinduka bila kusita. Kurudi, kwenye mita 35 hivi, kijana wa leni ya nne alimkaribia. Akamsikia, akanyanyua kichwa kumtazama, na hori ya Tudor yote ikarudi ndani ya mwili wake: nyonga chini, mikono mifupi, pumzi kulia tu. Kurudi mikono 27. Mita kumi za mwisho ndizo zilizompa yule mwenzake nafasi.

Nilimuuliza alikuwa anatafuta nini alipotazama. "Nilitaka kujua yuko wapi." Ni jibu la haki kabisa. Hata mimi ningetaka kujua. Ila analo jicho lake la pumzi, kulia na kushoto, na jicho hilo linamwonyesha leni ya jirani bila kumgharimu chochote. Hajazoea kulitumia akiwa na hofu. Hatujawahi kufanya zoezi hilo, kwa sababu amekuwa peke yake leni nzima tangu Juni.

Jumanne, 3 Septemba

Mpango wa mwezi huu. Kaka zake wawili waje bwawani Jumamosi, mmoja kila upande, waanze nyuma yake na wamfukuze mita 25. Yeye mikono isizidi 23. Akivuta pumzi aniambie baadaye alimwona nani na akiwa wapi, goti, kiuno au bega. Wakubwa wale wana nguvu, watamtisha vya kutosha.

Mita 50 nzima mara moja tu kwa wiki. Zilizobaki 15 na 25, mapumziko marefu. Ngumi kila siku kabla ya kitu chochote. Kuruka kutoka ukingoni tusianze mpaka nipate upande wenye kina. Huku kwetu ni kifupi mno kwa kichwa cha mtoto.

Dada amepiga simu kuuliza nauli ya treni ya Nairobi, daraja la kawaida, mtu mzima na mtoto.